Barua Kutoka Nakivale: Neno Chapati Halina Mwenyewe

Kwa ndugu wa Bukavu, Uvira na Goma, na kwa wote waliobaki kandokando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika: salamu kutoka wilaya ya Isingiro, Uganda.

Habari za Nakivale zikifika huko huwa ni za mgao, za vitambulisho, na za nani ameitwa kwenda Kanada au kwingine. Barua ya mwezi huu inahusu maduka, hasa maneno yanayopakwa rangi juu ya milango yake. Kuna mabishano ya majina ya biashara yaliyofika Mahakama Kuu ya Kampala, mengine yakafika New York na London, na yanamgusa mama anayekaanga chapati hapa mtaa wa New Congo kuliko anavyodhani.

Makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale ni ya zamani kuliko uhuru wa nchi inayoyahifadhi. Yalifunguliwa mwaka 1958, yakapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana watu zaidi ya 100,000. Wakongomani ndio wengi, na pamoja nao wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Ardhi yake ni kilomita za mraba zipatazo 185, imegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na pembeni kuna ziwa lililoyapa makazi jina. Mbarara, uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, uko mwendo wa kilomita kama 60. Ndiko unakonunuliwa unga wa jumla, vipuri vya pikipiki, vitenge na mafuta ya kupikia.

Biashara huku imekuwa nguzo ya nyumba. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kulima na kufungua duka, na nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 kwa utaratibu huo. Tangu mwaka 2023, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoanza kuwagawa watu kwa makundi ya uhitaji na kuwaondoa wengine kabisa kwenye mgao, kibanda cha chapati kimeacha kuwa nyongeza. Kwa nyumba nyingi ndicho kinacholisha watoto. Kwa hiyo jina lililo juu ya kibanda hicho nalo limekuwa mali, na mali huvutaniwa.

Anayeshuka kwenye gari la kutoka Mbarara na kuingia Base Camp hulakiwa na vibao. Vingi vinasema moja kwa moja kinachouzwa: unga safi, maziwa freshi, chapati moto, saluni ya kisasa, fundi wa simu. Vingine vinataja mtu au mahali: mama fulani wa Uvira, kinyozi wa Bukavu, hoteli ya Mogadishu. Vingine ni maneno ya matumaini, kama Amani, Umoja, Imani na Tumaini. Mtu anaweza kulaumu uvivu wa kubuni, lakini sababu yake ni nzito. Wateja wa soko moja wanazungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari na Kinyankore. Mfanyabiashara mwenye nafasi ya maneno mawili tu juu ya mlango atachagua yale yanayoeleweka na watu wengi, na hayo ndiyo majina ya vitu. Mpita njia mwenye njaa anataka kujua kama ndani kuna chapati. Historia ya mwenye duka itasubiri.

Shida inaanzia hapohapo. Neno linaloeleza bidhaa humfaa kila muuzaji wa bidhaa hiyo, na ndiyo maana kila mmoja hulitaka. Wawili wakiwa jirani wanaanza kunong'onezana kwamba mwenzake ameiba jina. Biashara ya mmoja ikikua, akafungua tawi Nyamityobora au Kakoba jijini Mbarara, anaweza kukuta huko mtu mwenye jina lilelile, tena mwenye cheti na mhuri. Barua ya wakili ikifika, mkimbizi hukishusha kibao kabla hata hajauliza swali moja. Anaogopa polisi, anaogopa kuonekana mgeni mkorofi, na anaona cheti chochote chenye nembo ya serikali kuwa hukumu ya mwisho. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi, na sheria yenyewe ndiyo inayosema hivyo.

Uganda ina Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010, inayosimamiwa na URSB, mamlaka ya usajili yenye ofisi ya kanda Mbarara. Sheria hiyo inaorodhesha maneno yanayoweza kuingia Sehemu A ya daftari la alama. Linakubalika jina la mtu au kampuni lililoandikwa kwa namna ya pekee, saini ya mwombaji, na neno lililobuniwa. Linakubalika pia neno lisilotaja moja kwa moja tabia au ubora wa bidhaa na ambalo, kwa maana yake ya kawaida, si jina la mahali wala la ukoo. Mbali na hayo, mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba alama yake inaitofautisha kweli bidhaa yake na za wengine.

Basi lipime neno "Unga Safi" kwa kipimo hicho. Unga ni bidhaa, safi ni sifa. Anayetaka maneno hayo mawili yawe yake peke yake anataka wasagaji wengine wote wa Isingiro waache kusema kwamba unga wao ni safi. Hakuna sheria yenye akili inayoweza kumpa hilo.

Mpangilio unaotumiwa sana duniani kueleza jambo hili ulizaliwa kwenye kesi iliyobishania neno la Kiswahili. Kampuni ya Marekani ya Abercrombie & Fitch ilikuwa imesajili neno "Safari" kwa mavazi ya aina mbalimbali, ikaishtaki Hunting World, duka la New York lililouza kofia na viatu kwa kutumia neno hilohilo. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa, kwa kalamu ya Jaji Henry Friendly, iliyapanga majina kama ngazi. Chini kabisa liko jina la kitu chenyewe, ambalo halimilikiwi na mtu. Juu yake kuna neno linaloeleza sifa, ambalo hulindwa pale tu wateja wanapokuwa wamelizoea kiasi kwamba wakilisikia humfikiria muuzaji mmoja. Linafuata neno linalodokeza bila kueleza. Juu kabisa kuna maneno yaliyochukuliwa mahali pasipohusiana na bidhaa, na yale yaliyobuniwa. Mahakama iliona kwamba kwa kofia na makoti ya mtindo wa safari, "safari" lilikwisha kuwa jina la vazi lenyewe, na kampuni ile haikuweza kuwafungia wengine. Kwa viatu usajili ulibaki, lakini Hunting World iliruhusiwa kulitumia neno kwa nia njema kueleza bidhaa zake.

Ngazi hiyo haina nguvu ya sheria huku, lakini inasaidia kuona. Mbarara ni mji wa maziwa; ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu ndio fahari ya eneo hili. Kampuni ya Pearl Dairy, yenye kiwanda chake huko, huuza maziwa kwa jina la Lato. Neno hilo fupi halitaji maziwa, ng'ombe wala Ankole. Mfugaji yeyote anaweza kuandika "maziwa ya Ankole" kwenye mtungi wake bila kugusana na Lato, na Lato haihitaji kumkataza mtu kusema "maziwa". Jina la aina hiyo halimnyimi jirani hata neno moja.

Kesi iliyo karibu zaidi na wasomaji wa barua hii ilikatwa Kampala. Nairobi Java House, kampuni ya migahawa iliyoanza Nairobi mwaka 1999, iliomba kusajili Uganda majina yake, likiwemo Java House. Mandela Auto Spares, kampuni ya Uganda yenye migahawa ya Café Javas, iliweka pingamizi. Ilikuwa imetangulia kusajili jina lake, na ilidai wateja watachanganyikiwa. Msajili alikubaliana nayo, akakataa ombi la Wakenya.

Wakenya wakakata rufaa. Mwaka 2016 Jaji Christopher Madrama wa Mahakama Kuu aliutengua uamuzi wa msajili na kuwafungulia njia ya usajili. Mzozo mzima ulizunguka neno Java: kisiwa cha Indonesia, na katika Kiingereza cha mitaani kahawa yenyewe. Mgahawa wa kahawa unaojiita Java umechagua neno ambalo wauza kahawa wengine nao watalitamani. Ukilitoa neno hilo pembeni, kinachobaki kutofautisha ni maneno mengine, mpangilio, picha na sura nzima ya alama. Ndiyo sababu alama hutazamwa kwa ujumla wake, bila kung'oa neno moja na kulipima peke yake. Wakaaji wa Kampala wanakunywa kahawa chini ya majina yote mawili. Na kampuni ya Café Javas ilipovuka mpaka kwenda kufungua migahawa Nairobi, iliiita CJ's.

Wale walikuwa wakubwa wenye mawakili. Walitumia fedha na muda kwa sababu ya neno ambalo lingeweza kuepukwa siku ya kwanza kwa kufikiri jioni moja tu. Mama wa New Congo hana fedha hizo, kwa hiyo jioni ile ya kufikiri inamfaa yeye kuliko wao.

Kwingineko duniani mara nyingi mkubwa humkabili mdogo, na mdogo huyo huwa mhamiaji. Uingereza, kampuni ya migahawa ya Pho ilikuwa na usajili wa neno "pho", ambalo ni jina la supu ya tambi inayopikwa kila pembe ya Vietnam. Mwaka 2013 iliutaka mgahawa mdogo wa Kivietinamu wa kusini mashariki mwa London, Mo Pho, ubadilishe jina. Watu walipiga kelele, kampuni ikarudi nyuma. Marekani, kampuni ya Momofuku ilinunua haki za jina "Chile Crunch", lenye maana ya pilipili ya kukaanga inayokatika mdomoni, na mwaka 2024 ikawaandikia watengenezaji wadogo kuwataka waache kuliandika kwenye chupa zao. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye asili ya Malaysia, anayeuza pilipili kwa mapishi ya kwao. Naye aliungwa mkono na wengi, na Aprili mwaka huohuo mwanzilishi wa Momofuku, David Chang, alitangaza kwamba kampuni haitawafuatilia tena.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo iliguswa. Kati ya 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake, wakati kikoi kimevaliwa na wavuvi wa Lamu na Mombasa vizazi na vizazi. Wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft na wanasheria wa kujitolea, waliweka pingamizi, na ombi lile halikufika mwisho. Kama wangekaa kimya, mfumaji wa Kenya angehitaji ruhusa ya mtu wa Uingereza ili auze kikoi kule kwa jina la kikoi.

Katika visa hivyo vitatu walionusurika ni wale waliojibu. Ofisi za usajili hupokea maombi mengi, na afisa wa Ulaya anaweza kuona neno la Kivietinamu au la Kiswahili akadhani limebuniwa. Hata afisa wa Kampala anaweza asijue kwamba sombe ni majani ya muhogo yanayopikwa Kivu nzima, au kwamba sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mkongomani mjanja akiomba kusajili "Sombe" kwa chakula, au "Bukari" kwa unga wa ugali, wa kumweleza msajili ukweli ni Wakongomani wenzake. Sheria imewapa nafasi. Ombi likikubaliwa kwa hatua ya awali hutangazwa, na yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Siku hizo zikipita kimya, kazi ya kulirudisha neno kwa watu inakuwa ndefu na ya gharama.

Kuna kosa jingine linalorudiwa kila siku katika maongezi ya soko. Watu huchukulia kwamba kusajili jina la biashara ni sawa na kusajili alama ya biashara, kwa kuwa yote mawili hufanyika URSB. Ni mambo mawili. Usajili wa jina la biashara unaijulisha serikali na wateja nani yuko nyuma ya jina analolitumia mtu badala ya jina lake mwenyewe. Haumpi mwenye cheti haki ya kulizuia neno hilo kwenye bidhaa za watu wote. Alama ya biashara ndiyo inayotoa haki ya kuzuia, na hata hiyo imewekewa mipaka. Husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: unga, chai na kahawa ziko daraja la 30, maziwa daraja la 29, huduma za mgahawa daraja la 43. Hudumu miaka saba mwanzoni, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Na inapokuwa na neno la kawaida ndani yake, msajili anaweza kumtaka mwombaji aandike kwamba hadai haki ya peke yake juu ya neno hilo.

Sasa mchukulieni mama huyo wa chapati, aliyefungua tawi Nyamityobora akaliita "Chapati Moto". Wakili anamwandikia kwamba mteja wake amesajili jina hilo na anataka kibao kishushwe. Kabla ya kupanda ngazi na brashi ya rangi, mama ana maswali ya kuuliza, tena kwa maandishi. Kilichosajiliwa ni jina la biashara au ni alama? Kama ni alama, ni ya daraja gani, na imeanza lini? Ni maneno yenyewe, au ni nembo yenye maneno hayo pamoja na picha ya jiko na rangi fulani? Kuna neno lolote ambalo mwenye alama alilikana? Majibu yako kwenye daftari la msajili, ambalo liko wazi kwa umma.

Akikuta kilichosajiliwa ni nembo yenye picha, na yeye ameandika maneno tu kwa herufi zake, msimamo wake ni wa nguvu. Sheria za alama zilizorithiwa kutoka Uingereza, ya Uganda ikiwamo, zinamwachia mfanyabiashara kutaja kwa nia njema jina lake, mahali alipo, na aina au ubora wa anachouza. Kuna pia kesi ya Uingereza ya mwaka 1946 ambayo mawakili wa nchi zinazofuata mfumo huo bado huitaja. Kampuni ya kusafisha ofisi iliyoitwa Office Cleaning Services ilitaka kumzuia mshindani aliyejiita Office Cleaning Association. Mahakama ya juu, House of Lords, ilikataa. Ilisema kwamba anayechagua maneno ya kawaida kuwa jina lake anakubali hatari ya mkanganyiko kidogo, na tofauti ndogo kati ya majina inatosha. Maneno yale hayakuwa yake kabla hajayachagua, na kuyachagua hakukuyafanya kuwa yake.

Lakini kinga hiyo ni ya mtu mwaminifu. Aliyepaka kibanda chake rangi zilezile za jirani, akaiga herufi zake, mifuko yake ya karatasi na hata salamu yake kwa wateja, hawezi kujificha nyuma ya ukawaida wa neno chapati. Huyo anajifanya mwingine, na mahakama za Uganda hulitambua kosa la kuuza bidhaa kwa kujifanya mwingine hata pale ambapo hakuna alama iliyosajiliwa. Base Camp ni ndogo na kila mtu anajua nani alianza. Mwenye kuiga hubomoa jasho la mwenzake aliyeanza na sufuria moja, na jamii ya wakimbizi isimwonee haya kumwambia.

Linabaki swali ambalo wengi hawathubutu kuliuliza kwa sauti: je, mkimbizi anaweza kweli kuwa na alama yake, au hizi ni haki za wenye nchi? Jibu limeandikwa kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976. Ibara ya 14 inahusu mali ya viwanda na sanaa. Inataja uvumbuzi, michoro, alama za biashara na majina ya biashara, na inasema kwamba katika nchi anamoishi kwa kawaida, mkimbizi atapewa ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Uleule wa raia, bila kupunguzwa. Waliouandika walikuwa wametoka kuona mafundi, wachapishaji na wafanyabiashara wa Ulaya wakikimbia vita, wengi wao hawana walichobakiza zaidi ya ufundi na jina. Ibara hiyo haisomwi sana kwenye semina za makazini, ambako huzungumzwa zaidi chakula, shule na usalama. Inafaa ibandikwe ukutani kila ofisi inayofundisha wakimbizi ujasiriamali.

Haki hiyo ina faida kwa mwenye jina linalofaa kusajiliwa. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayefungua biashara, iwe Juru, Mbarara au huko Uvira, ni kuandika mambo mawili kwenye kibao kimoja. Juu liwe jina la pekee, ambalo hakuna muuza bidhaa ile mwenye sababu ya kulitumia: neno alilolibuni, neno la lugha ya kwao lisilohusu chakula, au jina lake lililochorwa kwa mkono wake kwa namna isiyofanana na ya mwingine. Chini yake yaandikwe kwa herufi kubwa maneno ya kawaida yanayomwambia mpita njia kuna nini ndani. Jina la juu ni lake, alilinde. Maneno ya chini ni ya soko zima, awaachie na wengine. Neno "rolex" linaonyesha yanakoishia majina yasiyo na mlinzi: Uganda nzima ni jina la mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, kila kona ina muuzaji wake, na hakuna muuzaji wa barabarani anayeweza kumwambia mwenzake aliache.

Wenye bidhaa inayotegemea mahali au ufundi wa pamoja wana njia nyingine. Ethiopia ilipoomba mwaka 2005 kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ofisi ya Marekani ilisita. Sidamo lilikataliwa mwanzoni kwa hoja kwamba linaeleza tu aina ya kahawa. Ethiopia haikukata tamaa. Mwaka 2007 ilifikia makubaliano na Starbucks, na hatimaye ikawa na usajili wa majina yote matatu. Hoja yake ilikuwa kwamba wanywaji duniani wamekwisha kuyajua kama ishara ya kahawa inayotoka kwa wakulima wale. Waethiopia wanaochoma buna, yaani kahawa, hapa Nakivale huisimulia habari hiyo kwa fahari, na wana haki. Uganda yenyewe ina sheria ya viashiria vya kijiografia tangu mwaka 2013, na Sheria ya Alama inaruhusu alama za uthibitisho, ambazo kikundi hutumia kuonyesha kwamba bidhaa imefuata masharti fulani. Mafundi wa kushona vitenge au watengeneza sabuni wa makazini wanaweza kuungana chini ya alama moja ya namna hiyo, kila mmoja akabaki na duka lake.

Kwa ndugu mliobaki nyumbani kuna jambo la kufanya, na ndilo lililosababisha barua hii iandikwe. Kabla ya kulitaja, ieleweke kwamba haki ya alama huishia mpakani. Kinachosajiliwa Kampala hakilindwi Bukavu, na cha Bukavu hakilindwi Mbarara. Uganda ni mwanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la mali ya viwanda lenye makao Harare, na kupitia Itifaki yake ya Banjul mtu anaweza kuomba ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja, lakini Kongo haimo. Kongo inafuata sheria yake ya mwaka 1982 ya mali ya viwanda. Anayepeleka unga, sabuni au nguo pande zote mbili za mpaka wa Bunagana anahitaji kuomba kila upande.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi walioko huku walikuwa na biashara zilizojulikana kabla ya kukimbia. Walifunga mlango usiku, wakaacha kibao juu yake. Wakilirudisha jina lao la zamani hapa, wanaweza kuambiwa wameliiba kwa mtu wa Mbarara. Stakabadhi ya patente (leseni ya mfanyabiashara mdogo), nakala ya usajili wa RCCM (daftari la biashara la Kongo), picha ya duka, lebo ya chupa au risiti yenye mhuri haviwapi peke yake haki ya Uganda, lakini vinaonyesha kwamba jina walikuja nalo na kwamba nia yao ni safi, jambo ambalo msajili na jaji hulitazama. Basi kila aliyebaki karibu na duka la ndugu yake akipige picha kibao kikiwa bado kinasomeka, atafute makaratasi yaliyosalia, na atume nakala kwa simu mapema. Mwenye duka akizipata, apande gari la kwenda Mbarara, aingie ofisi ya URSB, aombe kwanza kutafutiwa jina lake kwenye daftari, kisha ajaze ombi.